Mimea hai ndani ya tangi la samaki: maswali ninayoulizwa sana hapa Mombasa

Nafuga samaki wa maji matamu nyumbani kwangu Tudor, na kwa miaka mingi sebule yangu imekuwa kama baraza: mtu aja kuangalia tangi, akiondoka ameshauliza maswali matano. Mengi ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayeanza asipoteze pesa zake na mimea yake kama nilivyopoteza mimi. Maelezo mengi ya kazi hii huandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wahangaika kuyapasha maji moto, sisi twahangaika kuyapoza. Kwa hivyo nimejibu kwa kuangalia maji yetu na joto letu.

Kwa joto hili la Mombasa, mimea ya majini yaweza kuishi kweli?

Yaweza, na ikastawi. Tangi langu la lita 90 lina kichaka cha valisneria ambacho nimekuwa nikikipunguza kwa mkasi tangu 2017. Kinachoua mimea hapa kwetu mara nyingi si joto peke yake. Ni mtu kununua mmea uliozoea maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, akautia kwenye maji ya kisima cha mtaani, kisha akauwashia taa kutoka asubuhi mpaka usiku akidhani anausaidia. Maji, aina ya mmea na taa: hayo ukiyaweka sawa, joto utalimudu.

Nianze na nini kabla ya kununua mmea wowote?

Anza kwa kujua maji yako yatoka wapi. Watu huja wakiuliza taa gani, mbolea gani, na hili hawaliulizi.

Mombasa haina maji ya aina moja. Ya mfereji husafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Mfereji ukikauka wanunua ya boza, au ya mitungi ya mkokoteni ambayo hujui imejazwa wapi. Halafu kuna visima vyetu vya majumbani. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na maji yanayopenya humo huyeyusha chokaa. Kisima kikiwa karibu na bahari, chumvi nayo huingia. Ndiyo maana majirani wawili, mmoja wa mfereji na mwingine wa kisima, waweza kununua mmea mmoja kwenye duka moja siku moja, na baada ya mwezi, mmoja ana kichaka, mwenzake ana vijiti.

Nitajuaje kama maji yangu ni magumu au yana chumvi, na sina vipimo?

Angalia ndani ya birika lako la chai. Likiwa na ukoko mweupe mgumu usiotoka kwa kusugua, maji yako ni magumu. Njia nyingine ni sabuni: kwangua sabuni ya mche kidogo, tia kwenye chupa yenye maji, tikisa. Maji laini hutoa povu jingi linalokaa. Maji magumu hutoa povu haba na kuacha vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Chumvi ionje kwa ulimi. Ukishaisikia, hata kwa mbali, ujue mimea mingi itadumaa humo.

Baadaye, ukipata nafasi, nunua kipima chumvi cha mkononi na chupa ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali kwenye maji. Si ghali, na vitakuokolea mimea.

Maji ya kisima changu ni magumu kupindukia. Niache kufuga?

Usiache. Kinga maji ya mvua. Masika na vuli huleta maji laini ya bure kabisa, na ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima ugumu hupungua karibu nusu. Mvua ya kwanza iache ioshe paa. Kinga baada ya robo saa hivi, na kinga kwenye mabati. Maji ya makuti hutoka na rangi na vumbi, siyapendi kwa tangi. Usitumie maji ya mvua matupu, kwa sababu hayana madini, na samaki na mimea vyote vyahitaji madini kidogo.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Maji yanapokauka tangini, chumvi na chokaa havikauki, vyabaki. Ukijazia kila siku kwa maji ya kisima, unazidi kuongeza, na mwisho wa mwaka tangi lako lina maji magumu kuliko kisima chenyewe. Tangi langu hupungua karibu lita moja kwa siku wakati wa joto. Kwa hivyo kujazia hujazia kwa maji ya mvua, na kila wiki natoa robo ya maji yote na kuweka mapya. Kujazia na kubadilisha ni kazi mbili tofauti.

Maji ya mfereji yana klorini. Yataua mimea?

Mimea huvumilia kiasi. Wanaoathirika haraka ni samaki na zile bakteria njema za chujio. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na klorini itatoka yenyewe, haraka zaidi ukiweka pampu ya hewa. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo haitoki kwa kulazwa, utahitaji dawa ya kuiondoa.

Naweza kutandika mchanga wa pwani? Ni mweupe, wapendeza, na ni wa bure.

Tafadhali usiutumie. Tangi langu la kwanza nililitandika mchanga mweupe niliouchota Nyali, nikaosha mara saba, nikaona nimefanya la maana. Katika muda wa wiki tatu mimea ilisimama kukua, majani mapya yakatoka ya manjano na madogo. Nilibadilisha taa, nikabadilisha mbolea, sikujua adui nimemtandika mwenyewe chini.

Mchanga ule una matumbawe na kombe nyingi zilizosagika, yaani chokaa. Huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu siku zote, hata ukiyabadilisha vipi. Jaribu mwenyewe: weka mchanga mkavu kiasi cha kiganja kwenye kisahani, kisha umiminie siki, au ukamulie ndimu. Inamisha sikio. Ukisikia mlio mdogo kama wa soda iliyomiminwa sasa hivi, na viputo vikapanda katikati ya punje, hiyo ni chokaa. Mchanga usiosema kitu ndio wako. Jaribio hilo hilo lifanye kwa kila jiwe unalotaka kuweka, na kombe zote ziache nje.

Unaofaa ni mchanga wa mto, ule wa hudhurungi wa ujenzi. Nao upime kwa siki, kwa sababu wauzaji huchanganya. Chekecha, osha mpaka maji yatoke safi, tandika unene wa sentimita 5 hadi 7. Mzito zaidi ya hapo huoza chini kwa kukosa hewa, na ukiukoroga hutoa harufu ya yai viza.

Ni mimea gani inayostahimili maji na joto letu?

Nikiambiwa nichague mmoja tu kwa mgeni, nachagua anubias. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, huota kandokando ya mito, umeng'ang'ania mawe na mizizi. Majani yake ni magumu kama ngozi, samaki wengi hawayataki, maji magumu hauyaogopi, na taa hafifu yautosha. Hukua polepole sana. Jani moja jipya kwa wiki tatu hivi ni kawaida, usifikiri ni mgonjwa.

Wa pili ni valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Hii ndiyo hasa rafiki wa maji yetu magumu, kwa sababu yaweza kupata kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo katika maji hayo, jambo ambalo mimea mingi haiwezi. Humea hata katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni ya alkali kweli kweli. Ikishazoea hutambaza vikonyo chini ya mchanga kama marando ya viazi vitamu, na kila baada ya hatua hutoa mche.

Ceratophyllum demersum haina hata mizizi. Waiachia ielee tu. Hufyonza uchafu wa samaki kwa kasi, kwa hivyo tangi jipya huliwekea hii kwanza. Ukiihamisha hupukutisha vijani vyake kama sindano na kuchafua chujio siku chache, kisha huanza upya.

Microsorum pteropus, jamii ya kangaga kutoka Asia, hutunzwa kama anubias. Ikionyesha vidoa vyeusi chini ya majani vilivyopangika, usikate: hivyo ni vifuko vya spora, chembe zake za kuzaana, na majani makuukuu huota vitoto juu yake. Kripto wa aina ya Cryptocoryne wendtii, asili yake Sri Lanka, nao wanakubali ila hawapendi kuhamishwahamishwa. Mwenye tangi pana ajaribu yungiyungi wa Afrika, Nymphaea lotus; majani yake mekundu chini ya maji ni kitu cha kukaa ukatazama. Kata majani yanayokimbilia juu, la sivyo yataziba mwanga wote.

Mimea myekundu yenye majani membamba na ile ya zulia la chini iache kwanza. Yataka mwanga mkali, maji laini na ya baridi, na gesi ya kaboni.

Anubias yangu imeoza shina ikawa kama ute. Kwa nini?

Uliizika. Lile shina nene linalolala kama tangawizi halitaki kufunikwa na mchanga. Mizizi iliyo chini yake ndiyo yaweza kuingia. Chukua jiwe lisilo la chokaa au kipande cha gogo, lalisha shina juu yake, fungia kwa mshipi mwembamba au uzi mweusi wa pamba, mizunguko mitatu, usikaze mpaka ukakata. Baada ya miezi michache mizizi itakuwa imelishika jiwe yenyewe. Ikiwa imeshaoza, kata kwa wembe mpaka ufikie sehemu ngumu ya kijani. Kipande chenye majani mawili au matatu chatosha kuanza upya.

Kaka, mmea ulikuwa mzuri dukani, siku kumi baadaye majani yameyeyuka yote. Nimeuziwa kitu kibovu?

Pengine hapana. Mashamba mengi ya mimea hii huikuza ikiwa imetoa majani hewani, mizizi tu ndiyo iliyo kwenye maji, kwa sababu hukua haraka na hubebeka vizuri. Majani ya hewani ni mazito na yana ngozi ya kuzuia maji yasipotee. Yakizamishwa hayafanyi kazi, mmea huyaacha yafe na kutoa mengine mapya. Kripto ndio maarufu kwa hili, hata kuhama tu kutoka tangi hadi tangi kwawatosha kuyeyuka. Usiung'oe. Kata yaliyooza, acha mizizi ilipo, ngoja wiki nne. Gusa chini ya shina: likiwa gumu, mmea uko hai.

Lakini wakati mwingine kweli umeuziwa kisicho cha majini. Mimi niliwahi kuuziwa ile Dracaena wanayoiita mwanzi wa bahati, nikaambiwa ni ya kuzamishwa. Ilikaa miezi miwili ikipendeza, kisha ikaoza kutoka ndani na kuharibu maji. Mmea wa majini halisi ukiutoa kwenye maji hulegea na kulala mkononi, isipokuwa ile migumu kama anubias. Ukisimama wima kama ua la bustani, uliza kwanza.

Msimu wa kaskazi maji yafika digrii 31. Nifanye nini?

Februari na Machi ndiyo miezi ya kuchunga. Mimea niliyoitaja hupenda digrii 24 hadi 28 na huvumilia 30 kwa siku kadhaa. Tatizo la joto lina sura mbili. Kwanza, maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kwenye digrii 25 lita moja hubeba karibu miligramu 8.3, kwenye 30 karibu 7.5. Pili, joto huharakisha kila kitu. Mmea watumia nguvu zaidi kupumua, jani lililokufa laoza haraka, samaki wapumua kwa kasi. Kwa hivyo usiku, mimea inapovuta oksijeni badala ya kuitoa, ndipo hatari ilipo.

Ninavyofanya mimi: natoa kifuniko na kuweka wavu, naelekeza feni ndogo ipeperushe juu ya uso wa maji, si kwenye kioo. Maji yanapokauka huondoka na joto. Hapa pwani hewa ina unyevu, kwa hivyo usitarajie miujiza; kwangu hushuka digrii 2, siku ya upepo 3. Nayo yatosha. Pampu ya hewa yakesha. Taa naziwasha jioni badala ya adhuhuri, kwa kuwa nazo hutoa joto. Na samaki nawapa chakula kidogo zaidi.

Barafu usitumbukize ovyo. Mteremko wa ghafla huwadhuru samaki kuliko joto lenyewe. Ukilazimika, gandisha maji ndani ya chupa, ifunge, ielee, na uangalie kipimajoto. Hita, kwa Mombasa, sijawahi kuihitaji, hata Julai upepo wa kusi unapovuma.

Taa niwashe kwa muda wa saa ngapi kwa siku? Na tangi dirishani je?

Saa 6 kwa tangi jipya, 8 kwa lililokomaa. Zaidi ya hapo unalisha mwani. Taa ya LED nyeupe ya kelvini 6500 yafaa kabisa, na taima ya kuiwasha na kuizima itakusaidia kuliko taa ya bei kubwa, kwa kuwa mimea yapenda ratiba.

Dirishani usiweke. Jua letu la saa nne asubuhi kwenye kioo lapika maji na kuyafanya kijani kama mchuzi wa mchicha.

Mwani umenijaa kila mahali. Kuna dawa?

Dawa zipo, ila nakuomba uzitumie mwisho, kwa sababu nyingi huumiza mimea na konokono pia. Tazama kwanza ni mwani gani. Vumbi la hudhurungi linalofutika kwa kidole ni la tangi jipya, litaondoka lenyewe kwa wiki chache. Vidoa vya kijani vigumu kwenye kioo na juu ya majani ya anubias ni taa nyingi. Kwangua, punguza saa. Nyuzi ndefu za kijani, zungushia mswaki wa meno mkuukuu kama unavyosokota tambi, vuta. Maji yenyewe yakiwa kijani, funika tangi kwa kitambaa kizito siku tatu, taa zimezimwa, pampu ya hewa ikifanya kazi.

Ule unaosumbua ni mweusi, laini, kama ndevu kwenye kingo za majani. Huja mahali ambapo kaboni yapanda na kushuka na maji hayatembei sawasawa. Kata majani yaliyoshikwa, badilisha maji, safisha chujio. Ule utando wa kijani kibichi kama ngozi, wenye uvundo, unaofunika mchanga na kubanduka kama karatasi si mwani kamwe, ni bakteria. Uvute kwa mpira wa maji, ongeza mwendo wa maji, punguza chakula.

Na uongeze mimea. Tangi lenye mimea michache na taa kali ni shamba la mwani. Chakula kipo, mwanga upo, wa kushindana naye hayupo.

Mbolea ninunue ipi? Naweza kutumia ya shambani?

Ya shambani hapana, nakusihi. CAN na DAP zina amonia ndani yake, na amonia ni sumu kwa samaki. Tena kwa maji yetu sumu yenyewe ni kali zaidi: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia inayoua huongezeka karibu mara 10, na joto nalo huongeza. Mtu wa nchi ya baridi mwenye maji laini aweza kukosea asione kitu. Wewe wa kisima cha Mombasa utaamka samaki wako juu.

Kabla ya kununua, soma majani. Majani ya zamani yakigeuka manjano yote kutoka ncha, naitrojeni imepungua. Tundu ndogo kama za sindano kwenye majani makuukuu, zenye ukingo wa manjano, ni potasiamu, na hii ndiyo ninayoiona sana kwenye matangi ya marafiki zangu, hasa kwenye anubias na Microsorum. Samaki huleta naitrojeni na fosforasi kwa chakula chao. Potasiamu hawaleti ya kutosha.

Majani mapya yakitoka meupemeupe na mishipa imebaki kijani, ni chuma. Hapa maji magumu hutusumbua tena: kwenye pH ya juu chuma huganda na mmea hauwezi kukifyonza. Soma kibandiko cha chupa. DTPA na EDTA ni kemikali za kukishika chuma kisigande, na kilichoshikwa na DTPA hustahimili pH ya juu kuliko cha EDTA. Au ukipitishe mizizini: finyanga udongo mwekundu kuwa vigololi, kausha juani mpaka viwe vigumu, visukume chini kabisa ya mchanga karibu na mizizi ya kripto au yungiyungi. Udongo uchukue mahali pasipowekwa mbolea wala dawa za wadudu. Ukichomoa mmea baadaye fanya taratibu, la sivyo maji yote yatakuwa mekundu.

Nihitaji gesi ya kaboni dayoksaidi?

Kwa mimea niliyoitaja, hapana. Ukitaka kujaribu kwa gharama ndogo, tumia hamira. Chupa ya soda ya lita 2, sukari gramu 200, hamira robo kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu mpaka theluthi mbili. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba kwa gundi, na kati ya chupa hiyo na tangi weka chupa ndogo ya pili yenye maji ili povu lisiingie kwa samaki. Kwingine huambiwa nusu kijiko cha hamira. Kwa joto letu huchacha haraka na kuisha kwa wiki moja, ndiyo maana nasema robo. Mpira usizibe kamwe, chupa yaweza kupasuka. Na samaki wakianza kuhema juu ya maji, chomoa mara moja na uwashe pampu ya hewa.

Itakapokubali, saa chache baada ya taa kuwaka, tazama jani la valisneria kwa karibu. Utaona shanga ndogo za hewa zimejipanga ukingoni, moja yavimba, yaachia, yapanda. Hiyo ni oksijeni, maji yameshiba mpaka hayapokei tena.

Stima ikipotea usiku kucha?

Mimea haitakufa kwa giza la siku moja wala mbili. Wa kuwahofia ni samaki. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ununuzi wa lazima. Ukiwa huna, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, mara nyingi uwezavyo. Stima ikirudi baada ya saa nyingi, suuza chujio kwa maji yaliyotolewa tangini kabla ya kuliwasha.

Naweza kuchota mimea mtoni au kwenye vidimbwi vya Kwale na Kilifi?

Jihadhari. Kichocho kipo pwani yetu, na wadudu wake hukulia ndani ya konokono wa maji matamu. Kutia mkono kwenye maji yao kwatosha. Kama umeshaletewa mmea wa namna hiyo, vaa glavu za mpira, ondoa kila konokono na kila ute wenye mayai, kisha uloweke saa mbili tatu kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Suuza. Halafu uweke peke yake kwenye ndoo wiki tatu au nne ukiuchungulia, kwa kuwa mayai hustahimili shabu na huanguliwa baadaye. Mabuu ya kichocho yasipompata mtu hufa kwa siku mbili hivi. Anayeendelea kuyazalisha ni konokono.

Ndoo hiyo ifunike wavu, pamoja na mapipa ya maji unayoyalaza. Mbu wa dengi na chikungunya hutaga kwenye maji safi ya nyumbani, na Mombasa tuliugua chikungunya mwishoni mwa 2017 mpaka 2018; wengi twakumbuka viungo vilivyouma.

Gugumaji lina ua zuri la zambarau. Naweza kuliweka?

Hapana. Lilivyoifanyia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kila mvuvi wa huko anajua. Salvinia molesta, mmea mwingine unaoelea, nayo iliisumbua Naivasha. Ukitaka kivuli juu ya maji, acha Ceratophyllum ielee.

Samaki gani hawali mimea?

Gapi, moli, plati na tetra wadogo. Dhahabu hula kila laini na hung'oa kilichobaki. Ngege usimfikirie. Siklidi wakubwa huchimba mchanga, mara wakuta mimea yaelea. Kwao funga anubias juu ya jiwe zito.

Majani makavu ya mkungu, yana faida?

Yana. Okota yaliyodondoka yenyewe, ya kahawia, mbali na barabara yenye moshi wa magari. Suuza, tia moja kwa lita 40 hivi. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi na samaki watatulia. Rangi ikizidi hupunguza mwanga kwa mimea, basi usirundike. Ya mwarobaini usiweke hata moja, ni sumu kwa samaki.

Nimepogoa, nina vipande vingi. Nivitupe wapi?

Usivitupe kwenye mtaro wala bwawa. Mpe jirani kwanza: funga mizizi kwa gazeti bichi, weka ndani ya mkebe wenye mfuniko, hukaa salama mpaka Likoni na ng'ambo yake hata feri ikichelewa. Mwambie maji yako ni ya wapi, naye akwambie yake. Visivyo na mwenyewe vianike juu ya bati siku mbili, vikishakuwa makapi vitie kwenye taka au kwenye shina la mpapai.